Jiko la kuni la debe na makopo: kwa nini la kwanza lilitoa moshi, na la pili lijengweje

Swali: Fundi, shikamoo. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Morogoro na ndiye mlezi wa skauti wa shule yetu. Likizo ijayo tunakwenda kupiga kambi, watu wanane, na sitaki kubeba mkaa wala mtungi wa gesi. Nimejaribu kutengeneza jiko la kuni kwa kopo la maziwa ya unga. Nimelitoboa matundu 24 kwa msumari wa inchi 4, nikakata mlango wa kuni, nikaweka sufuria juu. Linatoa moshi mpaka macho yanauma, na moto unafifia mara tu sufuria ikikaa. Jirani ananishauri nitumie bati la paa maana ni gumu zaidi, halafu nisiribe udongo kwa ndani. Nyumbani nina debe la bati la lita 20 lililokuwa la mafuta ya kula, makopo kadhaa ya nyanya na maharage, kipande cha bati jipya la paa, na sufuria ya aluminiamu iliyotoboka. Nianzie wapi?

Marahaba, mwalimu. Anza kwa kuinua sufuria. Chukua vipande vitatu vya nondo au vijiwe vinavyolingana, inua sufuria vidole viwili juu ya ukingo wa kopo hilo hilo ulilonalo, uwashe tena. Utaona moto unasimama kabla hujakata bati lolote jipya. Ukishaona, ndipo turudi kwenye debe, kwa sababu debe ndilo jiko lako la watu wanane. Lile kopo litakufaa kwa chai ya mtu mmoja.

Hesabu yenyewe hii hapa. Msumari wa inchi 4 unaacha tundu la karibu nusu sentimita. Tundu la hivyo lina eneo la kama 0.2 ya sentimita ya mraba. Zidisha kwa 24, hufikishi hata sentimita za mraba 5. Kopo la maziwa lenye kipenyo cha sentimita 13 lina mdomo wa sentimita za mraba 133. Ulipoikalisha sufuria pale juu uliuziba mdomo wote, ukaliachia jiko upenyo wa sentimita za mraba 5 tu. Hewa ya moto ikakosa pa kutokea, ikarudi kupitia mlango wa kuni, usoni kwako. Na jiko lisilotoa pumzi haliingizi pumzi, ndiyo maana moto ulififia. Wengi wakifika hapo huongeza matundu chini. Matundu ya chini hayasaidii kitu kama juu kumezibwa.

Jambo la pili ni moshi wenyewe. Moshi ni kuni ambazo hazijaungua. Kijiti kikipata joto hutoa gesi, na gesi hiyo ndiyo inayowaka na kuwa mwali. Mkaa hubaki ukiungua taratibu baadaye. Ili gesi iungue yote inahitaji hewa ya kutosha, joto la nyuzi 600 na zaidi, na nafasi ya kuchanganyika na hewa kabla haijagusa kitu cha baridi. Sufuria yenye maji ni kitu cha baridi, haivuki sana nyuzi 100. Bati jembamba lililo wazi upepo unalipuliza pia ni kitu cha baridi. Mwali ukigonga hapo mapema unazimika ukiwa nusu, na ile nusu nyingine inakuwa masizi kwenye sufuria na machozi kwako.

Kwa hiyo jiko zuri la kuni ni njia ya hewa iliyopimwa, yenye joto lililofungiwa ndani. Chuma ni ganda tu. Mtu aliyeliweka jambo hili katika vipimo ni Mmarekani Larry Winiarski wa kituo cha utafiti cha Aprovecho, Oregon, mwaka 1982, na jiko lake likaja kujulikana kama roketi. Umbo lake ni la kiwiko. Kuni zinaingia kwa mlalo chini, moto unapanda bomba fupi lililozungushiwa kitu kisichopitisha joto, sufuria inakaa juu. Kanuni yake kubwa ni kwamba eneo la njia ya hewa lisibadilike: hewa inapoingia, inapopanda, inapopita chini ya sufuria na inapotoka pembeni yake, kote eneo liwe lile lile. Pakibana sehemu moja, jiko zima linafuata kipimo cha hapo palipobana.

Sasa vitu vyako, nivipitie kimoja kimoja, maana hapa ndipo jirani yako anataka kukuponza.

Bati la paa liweke kando kabisa. Limepakwa zinki, ile inayoonekana kama maua ya kung'aa juu ya bati jipya. Zinki inayeyuka kwenye nyuzi 420 hivi na kuchemka kwenye nyuzi 907, na moto wa roketi unafika huko. Moshi wake mweupe ukiuvuta, saa kadhaa baadaye unapata homa, baridi, viungo kuuma, kinywa kina ladha ya chuma. Mafundi wa kuchomelea wanaijua vizuri. Wengi wameamkia zahanati kupima malaria na majibu yakatoka hawana kitu. Kwa kawaida homa hiyo hupita baada ya siku moja au mbili, lakini hakuna sababu ya kuwapikia watoto wa watu juu yake. Mabomba ya maji ya galvanaizi, wavu wa kuku na ndoo za kijivu za chuma ni kundi hilo hilo. Bati lako litakuwa na kazi nzuri likisimamishwa mita moja kutoka kwenye jiko kukinga upepo.

Sufuria ya aluminiamu iuze kwa wanunuzi wa skrepa. Aluminiamu inayeyuka kwenye nyuzi 660. Makopo ya soda ni aluminiamu vilevile. Ukiwa na shaka tumia sumaku: kopo la nyanya litanasa, la soda halitanasa. Angalia tu usije ukadhani sumaku inamaliza kila neno, kwa sababu bati la paa nalo linanasa, na stili nyingi za jikoni hazinasi ingawa ni nzuri sana kwa moto.

Makopo ya nyanya na maharage yanafaa. Ni chuma kilichopakwa bati jepesi, na ndani mara nyingi kuna vanishi ya kulinda chakula. Vanishi hiyo tutaichoma kwanza, nitakuja hapo. Makopo ya rangi, hasa ya zamani, siyapendi. Rangi nyingi za zamani zina risasi, na kuikwangua ni kuisambaza.

Debe la mafuta ya kula ni mali. Siku hizi madumu ya plastiki yameyafukuza sokoni, hivyo usilitoboe ovyo. Na kwa kuwa vijana wako watataka kuokota vitu: wasiguse mtungi wa gesi hata kama wameambiwa ni mtupu, wala kopo la dawa ya kupuliza mbu. Mtungi mtupu una mvuke uliobaki, na msumeno hutoa cheche.

Udongo nao? Jirani yako hajakosea kila kitu. Majiko ya mkaa yenye kikombe cha udongo, yale yaliyoanza kutengenezwa Nairobi miaka ya 1980 kwa kuiga jiko la ndoo la Thailand, yamefanya kazi kubwa Afrika Mashariki. Lakini mkaa ukishashika hukaa, na jiko la nyumbani huwaka saa nyingi. Udongo mzito kwanza hujipasha wenyewe moto, na joto hilo unalilipia kwa kuni. Kambini unataka chai dakika kumi baada ya kuamka. Utakuwa umeshakunywa na kuondoka wakati udongo ndio kwanza umepata moto. Isitoshe, utaubeba mgongoni. Unachohitaji kuzunguka bomba ni kitu chepesi chenye hewa nyingi iliyonaswa ndani yake, na kitu hicho kwako ni majivu. Majivu ya kuni yaliyochekechwa ni mazuri. Bora zaidi ni majivu ya pumba za mpunga, na wewe uko mkoa wa mpunga. Nenda kwa wachoma matofali wanaotumia pumba, watakushangaa unaomba takataka zao. Mchanga hapana, saruji hapana, kokoto hapana. Na chekecha vizuri, vipande vya mkaa visibaki, kwa sababu vikipata joto vitaungua humo humo na majivu yatashuka.

Tujenge.

Utahitaji makopo manne ya gramu 800, yale yenye kipenyo cha karibu sentimita 10 na urefu wa 12. Matatu yanasimama kuwa bomba, moja linalala kuwa mdomo wa kuni. Ya gramu 400 ni membamba mno kwa sufuria ya watu wanane. Vifaa ni mkasi wa bati, nyundo, msumari, plaisi na glavu za ngozi. Glavu si za hiari: bati la kopo lililokatwa linachana mkono kuliko wembe, na wewe una vijana watakaotaka kujaribu. Hakuna kuchomelea popote.

Kopo la kwanza, la chini, liache na kitako chake. Yale mawili mengine toa vitako yawe mabomba. Halafu unayaunganisha, na hapa angalia mpangilio. Kopo la juu ndilo linalovaa nje ya la chini, jinsi mabati ya paa yanavyolaliana, ili majivu yanayosukuma kutoka nje yateleze juu ya muungano badala ya kudondokea ndani. Ukipindua mpangilio, utakula majivu kila siku. Kwa hiyo kwenye ukingo wa juu wa kopo la chini kata mipasuo minane, kila mmoja wa sentimita 3. Ule ukingo mnene utakuwa mgumu kwa mkasi. Ubane kwanza kwa plaisi uwe bapa, kisha ukate. Vibapa vinane unavikunja ndani kidogo, kopo linalofuata linaingia juu yake kwa kusukuma huku unazungusha. Rudia kwa la tatu. Kila muungano umekula sentimita 3, umebaki na bomba la sentimita 30, ambalo ni mara tatu ya kipenyo. Hapo ndipo unapopataka: fupi kuliko mara mbili halivuti, refu sana linaipeleka sufuria mbali na mwali.

Usikate tundu la mdomo wa kuni kabla ya kuunganisha, kwa sababu tundu litafika kwenye muungano na mipasuo itafumuka. Unganisha kwanza, ndipo uchore. Shida nyingine ni kwamba kopo la mlalo na la wima vina upana sawa, hivyo tundu la duara kamili litakula nusu ya bomba. Dawa yake ni kulibinya kopo la mlalo polepole kati ya viganja mpaka liwe umbo la yai lililosimama, upana sentimita 9, urefu 11. Eneo lake linabaki karibu sawa na la duara la sentimita 10, sentimita za mraba 78 hivi, na sasa linakaa ubavuni bila kuudhofisha. Lisimamishe dhidi ya bomba, sentimita 1 juu ya kitako, chora kuzunguka kwa msumari.

Kukata tundu: ingiza kipande cha gogo ndani ya bomba kiwe fuawe, piga msumari katikati ya mchoro, panua kwa msumari mnene zaidi mpaka ncha ya mkasi iingie. Usikate kufuata mstari. Kata kutoka katikati kwenda kwenye mstari, mara nane au kumi, upate vipembe vinavyokutana katikati. Kila kipembe ukunje kwenda nje kwa plaisi, kisimame wima juu ya mstari. Hivi vipembe ndivyo vitakavyolishika kopo la mlalo. Ukivikata na kuvitupa huna cha kulishikia. Lisukume kopo la mlalo, ambalo sasa halina kitako wala mfuniko, liingie nusu sentimita tu ndani ya bomba, kisha vipembe uvibane juu yake na uvizungushie waya mweusi wa kufungia nondo mara mbili. Waya mweupe unaong'aa umepakwa zinki, uache.

Kwenye debe, juu kata pande tatu kufuata ukingo, upande wa nne uache uwe bawaba, upate mfuniko unaofunguka. Upande wa mbele chora yai lile lile, ukingo wake wa chini ukiwa sentimita 6 kutoka sakafuni, maana bomba litakaa juu ya sentimita 5 za majivu. Kata vipembe, hapa vikunje kwenda ndani. Mwaga majivu sentimita 5, yashindilie kidogo kwa ngumi, ingiza kiwiko chako kutokea juu, kopo la mlalo litokeze nje ya debe. Kabla ya kujaza, toboa kuta mbili za debe sentimita moja chini ya ukingo na upitishe nondo mbili za milimita 8, moja kila upande wa bomba. Watu huziacha hizi nondo wakidhani mfuniko unatosha. Bati la mfuniko halitabeba sufuria ya ugali wa watu wanane unaosongwa. Litabonyea, sufuria itainama, na ugali wa moto ni ajali mbaya kuliko maji ya moto kwa sababu unanata.

Jaza majivu mpaka usawa wa nondo. Kwenye mfuniko chora duara la bomba, kata, ufunge, na ncha ya bomba iliyotokeza uipasue na kuikunjia juu ya mfuniko.

Vikalio vya sufuria: nunua flatibaa, yaani chuma bapa, ya upana wa inchi 1, kipande kifupi tu, kwa muuza vyuma chakavu hawatakusumbua bei. Kata vipande vinne vya sentimita 8, kila kimoja kikunje kama herufi L na ukisimamishe kwa ubavu wake juu ya nondo zile. Inchi 1 ni sentimita 2.5, na hicho ndicho kipimo unachokitaka. Kwa bomba lolote la duara, sufuria inuliwe robo ya kipenyo: bomba la 10, robo yake 2.5. Chukua mzingo wa bomba, 31.4, zidisha kwa 2.5, unapata 78.5, sawa na eneo la bomba lenyewe. Siku ukitengeneza dogo kwa makopo ya maharage ya kipenyo cha 7.5, utainua karibu sentimita 2. Fundi akikwambia "weka tu mahali panapokaa vizuri," muulize bomba lake lina kipenyo gani.

Ukiweza, zungushia sufuria sketi ya bati la debe jingine au kopo kubwa lililokunjuliwa, ili moto upande ubavuni badala ya kukimbia. Sufuria ya kipenyo cha 24 ina mzingo wa 75, gawa 78.5 kwa 75, nafasi kati ya sufuria na sketi iwe sentimita moja na uchafu kidogo. Hilo peke yake linapunguza kuni kuliko mapambo yote unayoyaona kwenye majiko ya dukani.

Kimebaki kirafu cha kuni. Bapaza kopo jingine nje ya yale manne, lipitishe mdomoni kwa mlalo, vidole viwili juu ya sakafu ya mdomo. Kuni juu yake, hewa chini yake. Kiishie pale bomba la wima linapoanza, ncha za kuni tu ndizo zichungulie kwenye moto. Bila kirafu hewa baridi inapita juu ya kuni na kwenda kupoza sufuria; ikiwa na kirafu inapita chini, inapata joto la makaa, inafika kwenye mwali ikiwa tayari.

Moto wa kwanza uwe bila chakula, nje, nawe ukae upande upepo unakotokea. Vanishi na maandishi ya makopo yatatoa harufu kali kwa muda. Endelea kuchochea mpaka harufu iishe na chuma cha ndani kigeuke rangi ya buluu na kahawia. Baada ya hapo jiko ni lako.

Kuwasha, dondosha karatasi na njiti kavu kutoka juu zifike kwenye kiwiko, washa kupitia mdomo, halafu ingiza vijiti vitatu vya unene wa kidole gumba. Vitatu, vinne ukitaka haraka. Vijana watajaza mdomo wote wakidhani kuni nyingi ni moto mwingi, na moshi utarudi siku hiyo hiyo; eneo la hewa limeliwa na kuni. Likishika utasikia ngurumo nyepesi ndani ya bomba. Kazi iliyobaki ni kusukuma ncha kadiri zinavyoungua. Ukipunguza moto kwa maharage, vuta kuni nyuma kidogo, usizibe mdomo.

Sufuria itakwambia hali ya jiko. Masizi machache makavu ni kawaida. Yakiwa meusi yanayong'aa na kunata kama lami, kuni zako mbichi au mwali unapozwa. Kuni zilizokatwa karibuni zinaweza kuwa nusu ya uzito wake ni maji, na kabla hujapika chakula unayachemsha maji hayo kwanza. Gonganisha vijiti viwili; kikavu hulia, kibichi hudunda. Mjohoro, mgunga na mkaratusi uliokauka vyema ni kuni nzuri. Vifuu vya nazi na magunzi vinawaka kwa nguvu ila havikai kwenye kirafu, vitie kwa juu kidogo kidogo. Mnyaa usitumie, utomvu wake unadhuru macho.

Kuni hizo zitoke nyumbani. Mkienda upande wa Uluguru, hifadhi ya asili ya kule iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, ulizeni kabla ya kuokota hata kijiti. Na siku skauti wako wakipata safari ya Kilimanjaro, jiko hili libaki Morogoro, kule moto wa kuni umepigwa marufuku. Uzuri ni kwamba kwa roketi, mzigo mmoja wa vijiti unaopita kwapani utawapikia chakula cha jioni na chai ya asubuhi.

Mahali pa kupikia fagia majani mita mbili kila upande, weka ndoo ya maji au mchanga karibu. Debe lizamishe udongoni sentimita chache na ulikabe kwa mawe kwenye pembe, hasa siku ya ugali. Mvua ikinyesha, pikieni chini ya turubai lililo wazi pande zote. Ndani ya hema kamwe, hata makaa yaliyobaki tu kwa ajili ya kuota. Makaa yasiyo na moshi ndiyo yanayotoa ile gesi ya kaboni monoksidi isiyo na harufu, na mtu aliyelala haamki nayo.

Utakutana na watu watakaokusifia jiko la aina nyingine, la kopo ndani ya kopo, linalojazwa vipande vya kuni na kuwashwa kwa juu, moto ukishuka kidogo kidogo na gesi ikiungua juu kwa mwali safi wa kupendeza. Sifa zake ni za kweli. Moshi wake ni mdogo sana na linakuachia mkaa. Ila linajazwa mara moja. Likiisha katikati ya maharage unaanza upya na sufuria mkononi. Kwa msafiri mmoja na kikombe chake cha chai ningelichagua. Kwa vijana wanane wenye njaa, hapana.

Kopo la chini na kile kirafu ndivyo vitakavyokufa kwanza, kwa sababu vinakaa na makaa. Bati la kopo ni jembamba, linaliwa na kutu ya moto mpaka linakuwa karatasi. Ukiona majivu mengi kwenye kiwiko kuliko kuni ulizochoma, limeshatoboka. Fungua mfuniko, mwaga majivu kwenye kiroba, toa kiwiko, badilisha, rudisha. Mkichoka kubadilisha, tafuta gereji kipande cha ekzosi ya lori cha sentimita 10. Hicho kitadumu miaka, ila kitamtaka mtu wa kuchomelea kiwiko, na kinachukua muda zaidi kupata moto asubuhi. Mimi kwa kambi ningebaki na makopo, na mengine manne ya akiba yakiwa yamepangwa ndani ya sufuria.